Ukurasa wa kliniki kwenye daftari la fundi

Kwenye daftari langu la kazi kuna ukurasa mmoja usio na jina la mteja wala vipimo vya kiuno. Juu nimeandika KLINIKI kwa kalamu ya bluu, na chini yake zimefuata tarehe za mwisho wa mwaka 2013 na mwanzo wa 2014. Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Tandika, Dar es Salaam. Fundi aliyenipokea nilipofika mjini alinizoesha kuandika kila shilingi inayoingia na inayotoka, hata ile ya sindano iliyokatika. Kwa hiyo nikisema nilipiga hesabu ya gharama za kumchanja mtoto, hesabu yenyewe ipo na naweza kuisoma.

Mtoto wetu wa pili, wa kiume, alizaliwa katikati ya Oktoba 2013. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, hakuweza kubeba mtoto na kugombania daladala peke yake, basi tukawa tunakwenda wote. Chanjo ya wiki ya sita iliangukia mwisho wa Novemba, ya wiki ya kumi mwisho wa Desemba, na ya wiki ya kumi na nne katika wiki ya tatu ya Januari. Fundi yeyote anayeshona sare za shule akizisikia tarehe hizo ataguna. Ndiyo miezi ambayo mzazi anakuja na kitambaa leo na shati analitaka keshokutwa, na fedha ya miezi hiyo ndiyo inayotuvusha mpaka Pasaka.

Mahudhurio ya kwanza niliyaandika hivi: nauli ya watu wawili kwenda na kurudi 1,600, chai na mandazi 1,000, panadol ya maji 2,500, mashati manne ambayo sikuyashona, ufundi 3,000 kila moja, 12,000. Jumla 17,100. Mara ya pili na ya tatu panadol ilikuwepo bado, ikawa 14,600 kila safari. Chini nikapiga mstari: 46,300. Chumba tulichopanga wakati huo kilikuwa 30,000 kwa mwezi. Na chanjo yenyewe ilikuwa bure, hatukudaiwa hata senti.

Naanza na hesabu hii kwa sababu watu wengi wanaozungumzia chanjo huiruka. Wanaoipinga wanazungumzia sumu na njama, wanaoitetea wanazungumzia vifo vilivyozuiwa. Mama aliyekaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi, na genge lake limefungwa, hasikii pande zote mbili zikimtaja.

Asubuhi za kliniki nazikumbuka vizuri. Kina mama wanaimbishwa kidogo, nesi anatoa somo la afya, kisha mzani. Mtoto anavuliwa, anavalishwa kile kisuruali cha turubai, ananing'inizwa kwenye ndoano, na kilio chake kinawaamsha wenzake wote. Nesi anaweka nukta kwenye kadi, na kila mzazi anachungulia kama nukta imeangukia kwenye kijani. Halafu sindano. Mwanangu alichomwa penta, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, paja moja, chanjo ya nimonia paja jingine, akadondoshewa matone ya polio na matone ya kuzuia kuhara. Dada yake, aliyezaliwa Juni 2010, hakupata ya nimonia wala ya kuhara katika umri ule, maana hizo mbili ziliingia kwenye ratiba ya nchi mwanzoni mwa 2013. Miaka mitatu tu kati yao, na mdogo akaingia duniani na kinga mbili zaidi.

Usiku wa kwanza baada ya sindano mtoto alichemka. Paja lilivimba, tukilala naye upande huu analia, tukimgeuza analia. Nesi alikuwa ametuambia, na ni kweli: penta huwapa homa watoto wengi, na haishangazi nusu ya watoto ukiwasikia wakisumbuka siku hiyo. Lakini kuambiwa na kukesha si kitu kimoja. Na sisi tulikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine.

Sababu hiyo ni dada yake. Machi 2011, akiwa na miezi tisa, alichanjwa surua. Siku ya kwanza hakuwa na tatizo, wiki ikapita. Siku ya tisa, jioni, akapata homa, na tukiwa tunatafuta dawa macho yakageuka, mikono ikakakamaa, akaanza kutikisika. Degedege. Nyumba nzima ilitoka. Mama mmoja mpangaji alisema tusimpeleke hospitali, hospitali watamchoma sindano na degedege haitaki sindano, apakwe mafuta na afukizwe. Mwingine alitaka tumtilie kijiko mdomoni. Mke wangu hakujibu mtu. Alimfunga kwa khanga, tukapata bajaji.

Mtikisiko uliisha tukiwa njiani, labda ulidumu dakika tatu, kwangu ulikuwa usiku mzima. Walimpima malaria, hakuwa nayo. Daktari wa zamu, kijana mdogo, aliuliza kadi. Akaisoma, akahesabu siku kwa vidole, akatuambia bila kuzunguka: "Baba, homa hii inaweza kuwa ya chanjo. Ya surua huleta homa kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, na homa ndiyo iliyoleta degedege."

Nilimheshimu kwa neno hilo. Angeweza kusema haihusiani, tukaenda nyumbani na wasiwasi wetu. Akaendelea: hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika 3,000, huisha yenyewe na haiachi athari kwenye ubongo. Kisha akaniuliza kama mimi niliwahi kuugua surua.

Hapo lazima nieleze kuhusu sikio langu.

Wateja wangu wa siku nyingi wanajua kusimama upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto halisikii. Nilizaliwa 1976 kijijini Rufiji. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeanzishwa mwaka mmoja kabla, 1975, lakini kuanzishwa na kufika si jambo moja, na kwetu ulikuwa haujafika. Surua iliingia kijijini nikiwa na miaka mitano. Nakumbuka mwanga ukiniumiza macho, nakumbuka mama akinikogesha kwa maji ya majani, nakumbuka sikio likitoa usaha wiki baada ya wiki hata watoto wenzangu wakawa wanakaa mbali na harufu. Usaha ulipokauka, sauti za upande ule zilikuwa zimekwenda. Sisi watatu tuliugua pamoja, kaka yangu, mdogo wangu na mimi. Nilibaki mimi.

Mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi hutaja saba, kisha hunyamaza kidogo, halafu husema, "Walio hai watano." Amekuwa akijibu hivyo maisha yangu yote.

Daktari yule alinisikiliza. Akasema surua yenyewe huvimbisha ubongo wa mtoto mmoja hivi katika kila wagonjwa 1,000, na hapo hazungumzii degedege la dakika tatu. Mmoja katika kumi hupata ugonjwa wa masikio. Mmoja katika ishirini hivi hupata nimonia, na hiyo ndiyo inayowaua wengi. Nilikuwa nimekaa na mwanangu mapajani, amelala, jasho limemkauka. Ukweli ni kwamba tarakimu zile hazikunituliza usiku ule. Aliyetikisika alikuwa wangu, na mmoja katika 3,000 akiwa wako hakuna hesabu inayomfanya kuwa mdogo. Zilinituliza baadaye, taratibu, nilipoanza kuziweka kila moja upande wake kama ninavyoweka mapato na matumizi.

Kwa hiyo mwaka 2014 kijana alipofikisha miezi tisa, Julai, tulikuwa tunaogopa, lakini tulishaamua. Mke wangu alikuwa amefungua genge la mboga pale nyumbani. Akalifunga siku moja, akaenda. Akarudi mtoto hajachanjwa. Aliambiwa watoto wa surua ni wachache leo, hawatoshi kufunguliwa kichupa, arudi Alhamisi. Akarudi Alhamisi. Akaambiwa hivyo hivyo. Nyanya zilizoharibika siku zile mbili niliziandika daftarini: 7,000. Mara ya tatu hakwenda. Hakusema hataki, alisema tutakwenda wiki ijayo, na kila mtu anajua wiki ijayo ilivyo ndefu hapa mjini.

Nilikasirika, nikadhani ni uzembe wa wale manesi. Baadaye mteja wangu mmoja, muuguzi mstaafu, alinifafanulia akiwa anasubiri gauni lake. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, kichupa kimoja dozi kumi. Ukishachanganya na maji yake, itumike ndani ya muda wa saa sita, zaidi ya hapo ni kumwaga. Nesi akifungua kwa watoto wawili amemwaga dozi nane, na hizo nane zinaandikwa kwenye ripoti, na ripoti inaulizwa. Aliniambia pia kwamba mwongozo unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini nesi anayehofia kuishiwa dawa kabla ya mwezi kwisha anabana.

Nikapiga hesabu. Dozi ya chanjo ya surua na rubella, ugonjwa wa vipele unaofanana na surua, hununuliwa kwa bei isiyofika dola moja ya Marekani, kwa hiyo kichupa kizima hakifiki dola kumi. Upande wa pili weka mama watatu waliorudishwa nyumbani, nauli zao, magenge yao yaliyofungwa, na yule mmoja kati yao ambaye hatarudi tena. Kwangu mimi jibu liko wazi: fungua kichupa. Ukimrudisha mama umeokoa dawa na umempoteza mtoto. Na kama haiwezekani kila siku, basi itangazwe siku moja ya wiki ya surua, ibandikwe mlangoni, na siku hiyo isivunjwe kwa sababu yoyote. Mama akijua siku, atapanga.

Septemba mtoto wa chumba cha tatu aliamka na vipele mwili mzima, na homa. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinane, korido moja, choo kimoja. Surua hubaki hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka mahali, na huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatoka. Maana yake ukiona vipele, umeshachelewa. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu kumi na wawili mpaka kumi na wanane wasio na kinga. Nilimtazama mwanangu anayetambaa kwenye korido ile ile, nikafungua kadi yake, nikakuta mahali pa surua pako wazi. Siku tatu sikushona kitu cha maana. Nilikuwa namgusa shingo usiku kucha kama anapata joto, na kila alipokuna sikio moyo ulisimama.

Ilikuwa tetekuwanga. Mama yake alimpeleka zahanati, wakamwambia, na vipele vyenyewe vikaja kuwa malengelenge ambayo hata mtu asiyesoma angeyajua. Watoto wanne wa nyumba ile waliipata, wakapona wote. Lakini siku zile tatu nikaziandika kwenye ukurasa wa KLINIKI, mstari wa mwisho, bila kiasi cha fedha mbele yake. Sikujua niandike shilingi ngapi.

Mwezi uliofuata, Oktoba 2014, ikaja kampeni ya nchi nzima ya surua na rubella, watoto wa miezi tisa mpaka walio chini ya miaka 15. Gari la matangazo lilipita mtaani, wajumbe wakapita mlango kwa mlango, chanjo ikatolewa umbali wa kutembea kwa miguu. Tuliwapeleka wote wawili. Kijana akapata iliyokosekana, dada yake akapata ya pili. Siku ya tisa nilikaa macho na kitambaa cha maji, na panadol juu ya meza. Hakukuwa na homa. Gharama ya siku ile: shilingi sifuri, na nilikuwa bandani saa nne kasoro. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba sehemu kubwa ya kilichotushinda Julai ilikuwa umbali na foleni.

Bandani tulikuwa mafundi watatu, na mmoja wetu hakuchanjisha mwanawe katika kampeni ile. Hoja yake ilikuwa nzuri, siwezi kumdharau. Alisema: "Fundi, wa kwenu wote wamechanjwa. Ugonjwa utapitia wapi umfikie wangu? Mimi nimeokoa homa na usumbufu, kinga nimepata kwenu." Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikaa nalo muda mrefu, nikilisogeza huku na huku juu ya cherehani.

Jibu nililipata nilipohesabu watoto wa nyumba yetu. Ili surua isipate njia, watu 19 katika kila 20 wanatakiwa wawe na kinga. Nafasi ya kujificha nyuma ya wenzako ni ya mtu mmoja katika ishirini. Sasa, pale nyumbani kulikuwa na watoto kumi na mmoja, na wawili walikuwa hawajafikisha miezi tisa, umri wa kuchanjwa ulikuwa haujafika. Zaidi ya hao, dozi ya kwanza ikitolewa kwa miezi tisa haishiki kwa watoto kama kumi na tano katika mia, ndiyo maana ikaongezwa ya pili ya miezi kumi na minane. Yaani ile nafasi ndogo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wameshazidi. Nilimwambia mwenzangu: hapo unapotaka kumficha mwanao pamelazwa mtoto mchanga. Hakunijibu. Mwaka uliofuata alinitajia, kama mtu anayetaja bei ya uzi, kwamba alishampeleka.

Sitaki mtu anayenisoma adhani naona chanjo haina doa. Mwaka 2023 nilisikia redioni habari ya mtoto mkoani Rukwa aliyepatikana na polio. Nchi ilikuwa imethibitishwa mwaka 2015 kuwa haina tena polio ya asili. Niliuliza, nikaelezwa kwamba kirusi kile hakikuwa cha asili, kilitokana na kirusi kilichodhoofishwa cha kwenye matone. Mtoto aliyepewa matone hukitoa chooni, na pale ambapo wengi hawajachanjwa hupita kwa huyu na kwa yule, muda mrefu, mpaka kikarudisha nguvu za kupoozesha. Hilo ni deni la kweli la matone, nami naona ni bora tuambiwe na wataalamu wetu kuliko kuambiwa na mtu mwenye kupotosha. Maana habari ikielezwa yote inaonesha pia dawa yake: kirusi hicho hukua mahali ambapo watoto wengi wamerukwa. Serikali ilichanja mikoa ya magharibi na kusini-magharibi Septemba mwaka huo huo.

Na liko deni lililokwisha kulipwa, ambalo hakuna anayelikumbuka. Mama yangu ana kovu la chanjo ya ndui. Mimi nililiona tangu utotoni nikidhani ni la kuungua. Ndui ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 1980, na watoto wangu hawana kovu lile kwa sababu hawana haja nalo. Watu wa rika la mama walibeba homa yake na kidonda chake, na sasa gharama ya ndui kwa mwanangu ni sifuri, milele.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya miaka 50 ya mpango wa chanjo duniani: watu milioni 154 waliookolewa, na milioni 94 kati yao kwa chanjo ya surua peke yake. Nilikisoma kiwango hicho kwenye simu ya kijana wangu, nikafikiria wawili ambao hawamo ndani yake.

Mwaka huo huo, Aprili, ilikuja zamu ya binti. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ilianza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na dozi mbili, sasa ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Yeye alikuwa na 13. Maneno yalishafika mtaani kabla ya chanjo: inaharibu kizazi, hawatazaa. Mke wangu alitaka tusubiri tuone wenzake. Mama mkwe alinipigia simu kutoka kijijini, nikamwamkia, akaniambia, "Baba, mjukuu wangu msimfanyie majaribio."

Niliona haya kumbishia mama mkwe kwenye simu. Nikamkumbusha tu shangazi yangu, ambaye yeye pia alimjua. Miezi ile shangazi alipokuwa akipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji na mtori, na wodini na kwenye korido nilikuta wanawake kama yeye, kutoka mikoa yote, na ugonjwa wao ulikuwa ule ule. Hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote, na karibu yote huletwa na kirusi ambacho chanjo inakizuia. Mama mkwe alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mwambie ale kwanza, asiende na njaa."

Tulimwekea chapati na chai ya maziwa. Walichanjwa shuleni. Jioni alipita bandani akiwa na sare, iliyoshonwa na mimi, mkono mmoja wa shati ameukunja juu. Akaja upande wa kulia, kama wote wa nyumbani wanavyofanya, akasema mkono unauma na mwenzake mmoja alizimia kidogo kwa woga lakini alipewa soda akaamka. Nikamwambia leo vyombo ataosha kaka yake. Alicheka, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kunitungia uzi kwenye sindano kwa ule mkono usiouma.